Duka la vitabu vikuukuu Mji Mkongwe, na wasifu wa Herbert Morrison

Duka hili limo katika kichochoro cha Mji Mkongwe, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Darajani, na udogo wake humlazimu mnunuzi wa pili kungoja barazani. Nilikwenda kutafuta kamusi, nikatoka na wasifu wa Herbert Morrison, mwanasiasa wa chama cha Labour cha Uingereza, kwa shilingi 12,000, kwa sababu mzee mwenye duka aliniambia, "Maalim, wewe si ndiye unayeilalamikia manispaa kila siku? Basi msome huyu."

Hakukosea. Morrison, mtoto wa polisi aliyezaliwa mwaka 1888 na kupoteza uoni wa jicho moja akingali mchanga, alikuwa Meya wa Hackney mwaka 1920, na mwaka 1934 akakiongoza chama chake kulitwaa Baraza la London kwa mara ya kwanza. Kurasa za miaka hiyo ndizo zinazoilipa bei ya kitabu. Daraja la Waterloo lilikuwa limetitia, Bunge lilikataa kutoa fedha za kujengea jipya, naye akaanza kulibomoa vivyo hivyo. Sisi tunaongoja mtaro uzibuliwe kabla ya masika tutaisoma habari hiyo kwa wivu. Baadaye, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati wa vita, jina lake lilipewa kinga ya nyumbani ambayo picha yake imo kitabuni: meza ya chuma yenye wavu ubavuni, watu wakila juu yake na kulala chini yake mabomu yakianguka.

Kasoro niliigundua nyumbani. Mchwa walikuwa wameila sura ya mwaka 1955, Morrison alipougombea uongozi wa chama. Idadi ya kura imesalia, 40 zake kwa 157 za Hugh Gaitskell, lakini maelezo ya sababu za kushindwa yamebaki matundu matupu. Nilikirudisha, na mzee, bila ya kubishana, akanirejeshea shilingi 4,000 na kuniachia kitabu. Nimeridhika, ingawa ilimpasa akifunue kabla ya kuniuzia.

Anayekwenda avikague zaidi vitabu vya rafu ya chini, inayogusa ukuta wenye unyevu. Malipo ni taslimu, na duka hufungwa kwa sala ya adhuhuri hadi baada ya alasiri.