Pikapu inavuja oili: silikoni au gasketi mpya?

Hilux ya zamani ikiacha doa la oili uani, mafundi wengi wa hapa Tabora watakupa njia mbili: kupaka silikoni (gundi ya kuziba) au kuweka gasketi mpya (kizibo chembamba kati ya vyuma viwili). Ila kwanza osha injini kwa dizeli, uiwashe, uangalie inapoanzia. Oili hushuka, ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) huchuruzika hadi chini ukadhani sampo (bakuli la oili chini ya injini) ndiyo mbovu.

Silikoni ni rahisi na hukauka usiku mmoja. Kama kesho alfajiri una magunia ya kupeleka Urambo, sikulaumu. Tatizo ni fundi anayeipaka kama siagi kwenye mkate: inayobanwa kwa ndani hukatika, ikaziba chujio la pampu ya oili, na hapo umeua injini kwa kuokoa gasketi. Tena haishiki penye mafuta.

Gasketi mpya ya tapeti kava ni kazi ya saa moja hivi, hata mwenyewe unaweza. Mimi naichagua hiyo. Usikaze bolti kwa hasira tu, kava hupinda.

Sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili nyuma ya injini, upande wa giaboksi) ni habari nyingine: lazima giaboksi ishuke, na silikoni haisaidii kitu. Kabla ya kununua sili hiyo, kagua bomba la kupumulia la injini. Likiziba, presha itaisukuma nje hata sili mpya.