Tahadhari: spea za «alumini» za mfumo wa kupoza injini zinazouzwa mtandaoni si alumini

Ninaandika tahadhari hii kwa wamiliki wa Volkswagen, Audi na BMW walioko Dar es Salaam na mikoani, pamoja na mafundi wanaowahudumia. Kuna muuzaji anayetangaza hausingi za thamostati (maganda yanayoshika vali inayodhibiti joto la injini), flenji za mipira ya maji (viungio ambako mipira hiyo huchomekwa) na pampu za maji kuwa ni za alumini tupu. Zilizofika kwenye gereji yetu zikiwa zimeshafungwa kwenye magari ya wateja, nimezifungua na kuzipima: baadhi ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na nyingine ni aloi ya zinki iliyomiminwa vibaya. Simtaji jina hapa, kwa sababu analibadilisha kila baada ya muda, na atakayelikariri jina la leo hatamtambua kesho. Ninachoweza kueleza kwa uhakika ni namna anavyofanya kazi na namna ya kuitambua bidhaa yake kabla fedha haijatoka mfukoni.

Uongo wake unapata wateja kwa sababu umejengwa juu ya jambo la kweli. Injini nyingi za Ulaya za miaka hii zina hausingi za thamostati na flenji za plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na ukikigeuza kifaa utaona kimeandikwa PA66-GF30, maana yake ni nailoni yenye nyuzi za kioo asilimia 30. Nailoni hii ni nyepesi na ni rahisi kutengenezwa kwa umbo lolote, lakini inapokaa miaka mingi ndani ya kulanti (maji ya kupozea injini) ya moto, huku ikipanda hadi nyuzijoto 90 na zaidi kisha kupoa kila siku, maji yenyewe huvunja polepole minyororo yake ya kikemikali na kuifanya iwe kavu na rahisi kuvunjika kama biskuti. Magari yetu mengi huingia nchini yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo plastiki hiyo hufika ikiwa imekwisha kuchoka. Mwenye gari anayetafuta kifaa cha alumini cha kuchukua nafasi yake anafanya jambo la busara kabisa, na wapo watengenezaji wengine wanaotoa vifaa vya namna hiyo vilivyo imara. Nawaonea uchungu hasa watu hawa, kwa kuwa wanaotapeliwa ni wale waliojali magari yao mapema kabla hayajaharibika.

Muuzaji huyu huingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wamiliki wa magari na kusubiri. Mtu akiuliza kuhusu gari linalopunguza maji, humfuata faraghani, humweleza vizuri kabisa ubovu wa kile kifaa cha plastiki, kisha humtumia picha safi ya kifaa cha alumini pamoja na bei ambayo ni takribani nusu ya ile ya madukani. Husema duka lake liko Kariakoo, upande wa Gerezani, lakini mteja akitaka kufika, siku hiyo duka huwa limefungwa, au mzigo huwa uko ghala, au kijana wa bodaboda huwa ameshaondoka nao. Hudai fedha yote itumwe kwanza kwa simu, na jina linalotokea wakati wa kutuma huwa si lile alilojitambulisha nalo, akieleza kuwa ni la mhasibu au la ndugu yake. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haitoi. Mzigo hufika kweli, na ndiyo maana wengi hawashtuki, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba tapeli ni yule anayechukua fedha na kutoweka.

Kifaa chenyewe hung'aa kupita kiasi. Kile cha plastiki kimepakwa rangi hadi ndani ya matundu ya bolti, na ukikikwaruza kwa ncha ya msumari mahali pasipoonekana, weusi hutokea mara moja. Kile cha zinki ni kigumu zaidi kukitambua kwa macho, kwa kuwa ni metali kweli na mkononi ni kizito, na uzito huo ndio unaowashawishi wengi kwamba wamepata kitu imara, ilhali alumini ni metali nyepesi. Zinki ya namna hii hulegea taratibu inapokaa kwenye joto la injini huku ikibanwa na bolti, na uso wake unaogusana na hedi (kichwa cha injini) haukuchongwa ukanyooka. Nilipoweka rula ya chuma juu ya uso huo, mwanga ulipita chini yake waziwazi.

Njia ya kupima isiyohitaji kifaa cha maabara ni hii. Pima uzito wa kifaa kwa gramu kwenye mizani ya jikoni, baada ya kukitenganisha na thamostati na mipira yake. Kisha kizamishe chote kwenye jagi lenye alama za mililita, ukihakikisha hakuna hewa iliyobaki ndani, na uone maji yamepanda kwa mililita ngapi. Gawanya gramu kwa mililita. Alumini itakupa karibu 2.7, plastiki ya PA66-GF30 karibu 1.4, na aloi ya zinki zaidi ya 6. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata ukikosea kidogo kusoma jagi, jibu halitakudanganya. Sumaku haikusaidii hapa, maana hainasi alumini, haina habari na zinki, wala plastiki.

Angalieni pia vinavyokuja ndani ya pakiti. Oringi zake, yaani pete za kuzuia uvujaji, huwa ni mpira wa kawaida unaotumika kwenye oili, ambao hukakamaa ndani ya kulanti ya moto, wakati inayotakiwa ni ya mpira wa EPDM. Kwa pampu za maji za BMW zenye injini ya N52, kama 323i na 325i za umbo la E90, amekuwa akiweka bolti za chuma. Bloku, yaani mwili, ya injini hiyo imetengenezwa kwa magnesiamu na alumini, na bolti zinazoingia humo zinapaswa kuwa za alumini na kutumika mara moja tu, kwa sababu chuma kikikutana na magnesiamu penye unyevu, magnesiamu huliwa na nyuzi za matundu ya bolti kwenye bloku huharibika. Hasara ya hapo ni injini, si pampu.

Naomba jambo hili lisichukuliwe kuwa ni suala la kuvuja maji tu. Mfumo huu hufanya kazi kwa presha ya bar 1.4 au zaidi, na kifaa kikipasuka gari likiwa linapanda mlima Kitonga na mzigo, kulanti hutoka ndani ya muda mfupi sana. Maji yakiisha, sensa ya joto hubaki imezungukwa na mvuke au hewa badala ya maji, na geji inaweza kuonyesha joto la kawaida au hata kushuka wakati hedi inaendelea kuungua. Dereva anayeamini geji huendelea na safari hadi hedi ipinde na gasketi iungue. Ukiona heta imeanza kutoa hewa baridi ghafla, simamisha gari na uzime injini hata kama geji imetulia.

Kwa wale ambao wameshafunga vifaa hivi, msiruhusu fundi azibe uvujaji kwa silikoni. Vipande vyake hukatika na kwenda kuziba njia nyembamba za rejeta. Kifaa kitolewe, na kama alumini halisi haipatikani kwa haraka, plastiki mpya ya kiwango cha kiwandani ni salama zaidi kuliko zinki hii. Msijaze maji ya kisima, kwani mengi ya hapa Dar es Salaam yana chumvi, na chumvi hula hata alumini iliyo bora.

Kifaa kilichotolewa msikitupe. Kihifadhini pamoja na boksi lake, picha za mazungumzo na ujumbe wa muamala, kisha mfungue taarifa polisi, kwa kuwa udanganyifu wa kimtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Maboksi yake mengine yana nembo za watengenezaji wanaojulikana, na hayo yapelekwe Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hushughulikia bidhaa bandia. Namba ya simu iliyotumika kulaghai iripotiwe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Mwenye kifaa asichokuwa na uhakika nacho akilete gereji, nitakipima mbele yake bila malipo.