ClassDojo kwa walimu wa msingi: nzuri sana, ila ile sehemu ya kukata pointi iacheni

Nafundisha darasa la tatu, shule ya binafsi hapa Dar, na hii ClassDojo nimeitumia vya kutosha kuiongelea, maana naona walimu wengi wanaulizana kama inasaidia kweli nidhamu au ni mbwembwe za simu tu. Inasaidia. Ila inategemea unaitumiaje.

Kwa asiyeijua, ni programu ya bure kwa mwalimu, ilianzishwa 2011 na Sam Chaudhary na Liam Don, kampuni yao iko San Francisco. Unaingiza majina ya watoto, kila mmoja anapata kikatuni chake, mtoto akifanya jambo zuri unagusa jina lake unampa pointi, na mzazi uliyemwalika anaona kwenye simu yake na mnaweza kutumiana meseji humo humo. Watoto hawahitaji simu wala kompyuta, simu moja ya mwalimu inatosha, na hilo ndo lilinifanya niijaribu maana projekta darasani hatuna.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni kwamba tabia za kupewa pointi unaziandika mwenyewe. Zile zinazokuja nayo ni za jumla jumla, kusaidia wengine, kushiriki, kufanya kazi kwa bidii, basi mimi nikaziondoa nyingi nikaweka zangu kwa Kiswahili. Kasubiri mwenzake amalize kuongea. Kaomba msamaha bila kusukumwa. Kaokota takataka ambayo sio yake. Kasema ukweli wakati uongo ungemwokoa, hii nimeipa pointi nyingi kuliko zote kwa sababu uzito wa kila tabia unaupanga mwenyewe. Jamani ukikaa ukaandika orodha kama hiyo lazima ujiulize hivi mimi nataka watoto wa namna gani, maana tumezoea kuita nidhamu darasa likiwa kimya, wakati mtoto anaweza kukaa kimya kwa woga tu, ukitoka kwenda ofisini ukirudi unakuta dawati limepinduka.

Na inakufundisha kuangalia. Kila darasa lina watoto wawili watatu wanaokula muda wote wa mwalimu, na wako wale wa katikati, hawagombani, hawanyooshi sana mikono, muhula unaisha hujawataja majina zaidi ya kuita rejesta. Nikifungua ripoti ya wiki naona nani hajapata kitu, na mara nyingi sio kwamba hajafanya jema, ni mimi sijamuona, basi wiki inayofuata namfuatilia yeye na kweli nakuta anamshikia mwenzake ufagio, anamkopesha kichongeo, vitu vyake vidogo vidogo anafanya kila siku bila kelele.

Upande wa wazazi ndo usiseme. Kwetu mzazi akipigiwa simu na mwalimu moyo unampasuka, cha kwanza anauliza "Mwalimu, kafanya nini tena?" Sasa mpelekee mama meseji saa sita mchana kwamba mwanao leo kamgawia chakula mwenzake aliyesahau kontena nyumbani, uone atakavyojibu. Kuna mama aliniandikia Mwalimu asante, nimesoma hii nikiwa kazini nimelia. Na siku ukija na habari mbaya mzazi huyo anakusikiliza, hajihami, kwa sababu anajua mtoto wake unamuona kwa mema na kwa mabaya.

Sasa kwenye kukata pointi. Programu ina upande wa pili, mtoto akiongea bila ruhusa au akikosa homuweki unambonyezea nyekundu, na unaweza kuyaweka majumlisho ya darasa zima kwenye skrini kila mtu aone. Mimi siutumii upande huo kabisa na namwomba kila mwalimu asiutumie. Mtoto wa miaka nane akijiona wa mwisho mbele ya wenzake hajifunzi adabu, anajifunza kwamba yeye ndo mbaya wa darasa, na akishaamini hivyo ataishi hivyo. Kosa namwita pembeni, tunaongea wawili, tunakubaliana atarekebisha nini. Sisi hapa Tanzania tuna kanuni za viboko za 2002, visizidi 4 na achape mwalimu mkuu au aliyepewa idhini kwa maandishi, na bado tunajua yanayofanyika madarasani, sasa ukimtoa mtoto kwenye fimbo ukampeleka kwenye aibu ya hadharani sioni umemsogeza wapi.

Pia msitangaze zawadi kabla. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett kule Marekani waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora, kundi moja wakaahidiwa cheti chenye nyota wakichora, kundi lingine wakapewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa, wengine hawakupewa kitu. Baadaye waliokuwa wameahidiwa ndo walipunguza hamu ya kuchora wakiwa huru, wale wa kushtukizwa haikuwaharibia. Kwa hiyo mimi sisemi "atakayefagia atapata pointi", nikiona mtu kafagia ndo nampa, na namwambia kwa nini, "umefagia hata upande wa kina fulani ambao leo hawapo, umefanya vizuri". Hayo maneno ndo yenye kazi, pointi ni kumbukumbu tu.

Bando linahitajika, weka hilo kichwani. Na kuhusu taarifa za watoto tuwe makini, tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, mimi naweka jina la kwanza tu, picha siweki mpaka mzazi akubali kwa maandishi.

Kama darasa lako lina watoto mia na kitu usijaribu kumfuatilia kila mtu kila siku utachoka, gawa makundi, leo safu hii kesho ile. Wazazi wasio na simu janja wapo pia, hao nawaandikia Ijumaa kwenye daftari la mtoto sentensi moja au mbili kutoka kwenye ripoti, anasomewa nyumbani. Naipa nyota 4 kati ya 5, ningetoa ya tano kama ule upande mwekundu usingekuwepo kabisa.