Injini siyo sufuria: yaliyonikuta nilipobadilisha injini ya Vitz, Kigoma

"Dada, hii ni injini, siyo sufuria. Mpe simu shemeji niongee naye."

Hayo ni maneno ya fundi niliyemlipa hela zangu mwenyewe, tena taslimu, na aliniambia nikiwa nimesimama kwenye kilima cha barabara ya Manyovu, mvuke unatoka kwenye boneti, maharage ya watu nyuma, jua la saa saba kichwani. Nimekaa nayo rohoni muda sasa. Nilidhani yatapoa. Hayajapoa, kwa hiyo naandika.

Halafu huyo shemeji mwenyewe! Mume wangu ni mwalimu, mtu mwema, hana makuu, lakini boneti ya Vitz hajui inafunguliwa upande gani. Gari ni langu. Injini nilichagua mimi. Siku ile yeye alikuwa darasani anafundisha ngeli, sasa simu nimpe nani, utingo wa lori?

Basi nirudi nyuma kidogo. Naishi Mwandiga, duka langu la mawese na dagaa liko Mwanga, na karibu kila wiki napanda Manyovu kufuata maharage, mara nyingine nafika mpaka Mnanila pale mpakani. Gari ni Vitz ile ya zamani, ya injini ya cc 1300, yenye dashi katikati. Ilianza kutoa moshi wa bluu asubuhi, mara nikaona naongeza oili kila baada ya siku chache kama mtu anayenywesha ng'ombe. Kwenye tambarare ya mjini ilivumilika. Ukishaipita Mwandiga ukaanza kupandisha, basi unakanyaga mpaka mwisho na bodaboda wanakupita huku wamepakia mkungu wa ndizi.

Nikaambiwa nina njia tatu. Kufungua injini na kubadilisha ringi za pistoni. Kutafuta nyingine ya 1300 kama hiyo hiyo, yaani 2NZ. Au kupanda kwenye 1NZ ya 1500. Kuna kijana mmoja alinishauri niweke ya Starlet, eti "ile haifi". Pengine haifi, ila ningeishia kuchomelea maunti mpya za kuishikilia injini, kuunga nyaya upya na kuhangaika na gia boksi, gari ninalolitegemea kila siku lifie gereji miezi mitatu. Hapana.

Nilichagua 1NZ, na hapo sijutii hata leo. Hiyo na 2NZ ni ndugu wa tumbo moja: pistoni zina upana ule ule wa milimita 75, tofauti ni kwamba ya 1500 pistoni yake inasafiri mwendo mrefu zaidi, milimita 84.7 dhidi ya 73.5. Kwa hiyo inakaa pale pale ilipokaa ya zamani bila kukata wala kuchomelea chochote, na nguvu ya kupandia mlima unaipata mapema, hungoji injini ilie kwanza. Kwa mtu wa Kigoma hilo ndilo la maana. Mbio za nini, wakati barabara ina mbuzi?

Jambo moja nililosisitiza, na ninamshukuru binamu yangu wa Dar aliyenifundisha: nilitaka injini ije na kontroo boksi yake, ile kompyuta inayoiongoza, nyaya zake na gia boksi yake, vyote kutoka gari moja. Maana injini za mwanzo za aina hii zinavuta akselereta kwa waya, za baadaye zinatumia umeme. Ukinunua kipande huku na kipande kule unaweza kuletewa injini ya umeme kwenye gari la waya, halafu fundi anaanza "kuunganisha", na neno hilo fundi akilitamka wewe funga pochi.

Nilisita kwenye bei. Milioni moja na nusu na ushee, hapo bado usafiri kutoka Gerezani, Dar, na bado ufundi. Ndipo huyu fundi wangu akanipa hadithi iliyonimaliza. Akasema, "Dada, hata Liemba walibadilisha injini. Ilikuja na za mvuke, leo iko na dizeli, na meli ni ile ile ya Mjerumani." Nilicheka. Nani Kigoma anaweza kubishana na Liemba, meli ya ziwa letu la Tanganyika? Nikatoa hela. Alichosahau kuniambia ni kwamba hiyo Liemba Wajerumani waliizamisha wenyewe ziwani mwaka 1916, ikaja kuibuliwa 1924. Ningekumbuka hilo mapema ningejua ninaelekea wapi.

Kazi alisema siku tatu. Sitaki kutaja zilikuwa ngapi. Ila siku niliyokabidhiwa, jamani, nilitabasamu peke yangu njia nzima mpaka Mwanga. Moshi hakuna, inawaka mara moja, imetulia. Nilimwongezea hela ya soda. Naandika hivi huku najichukia.

Safari ya kwanza ya Manyovu ilikuwa ya kwenda kujifurahisha kwa kweli, maharage yalikuwa kisingizio. Kwenda ilikwenda kama maji. Kurudi, nimepakia magunia mawili na mama mmoja wa sokoni niliyempa lifti, nikajikuta kwenye kipande cha kupandisha nyuma ya lori lililojaa, linatambaa, huwezi kulipita kwa ajili ya kona. Sasa Vitz hii haina mshale wa joto. Ina taa ndogo tu, bluu injini ikiwa ya baridi, nyekundu ikichemka. Hakuna katikati, hakuna onyo. Ikawaka nyekundu.

Nilizima papo hapo, namshukuru Mungu kwa hilo. Sikugusa kifuniko cha rejeta, hayo nilishayaona kwa jirani aliyeungua uso. Nikampigia fundi. Nikamweleza vizuri, kwa adabu, kwamba injini imechemka, nianze kuangalia wapi. Ndipo akatoa lile la sufuria. Nilipomwambia shemeji hayupo akaongeza, "Hiyo gari ndogo siyo ya milima, ungetaka milima ungenunua Prado." Akakata simu.

Mwanaume aliyenishawishi niweke 1500 kwa ajili ya mlima!

Yule mama wa sokoni alikuwa ameshashuka, amekaa kivulini, ananiambia "pole mwanangu" kila baada ya dakika mbili mpaka pole yenyewe ikaanza kuniuma. Lori lililokuwa mbele lilikuwa limesimama juu kidogo nalo kupumzisha injini yake. Utingo wake akateremka, kijana mdogo tu, kandambili za rangi mbili, akainama akachungulia. Hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Akasema, "Shikamoo mama. Washa kidogo nione. Haya zima. Feni yako haizunguki." Akaingiza mkono pembeni ya rejeta, akatoa plagi ya feni ikiwa inaning'inia, haijachomekwa popote. Ka! Akaichomeka. Tulisubiri injini ipoe, tukaongeza maji ya kwenye dumu lake, nikawasha, na injini ilipopata moto feni ikazunguka yenyewe.

Ndiyo hiyo tu. Injini kutoka Dar, milioni na ushee, Liemba, shemeji, Prado, kumbe ni plagi ya kubana kwa vidole viwili. Mjini, gari likiwa linakimbia, upepo ulikuwa unatosha kupooza rejeta. Nyuma ya lori, mwendo wa konokono, mzigo mzito, hakuna upepo wala feni. Hata sufuria ukiisahau motoni inaungua, fundi.

Nilipomfuata akaniambia imejichomoa yenyewe barabarani. Plagi ile ina kufuli yake ya plastiki, usipoibonyeza haitoki ng'o. Nilimwonesha. Akaangalia pembeni, akaanza kumfokea kijana anayejifunza kazi. Hakusema samahani. Risiti ya injini nayo mpaka leo "inakuja na lori lijalo", wakati kadi yangu ya gari bado ina namba ya injini ya zamani na siwezi kwenda kuibadilisha TRA mikono mitupu. Mkifanya kazi hii daini risiti kabla hata boneti haijafunguliwa. Mimi sikufanya hivyo, nilikuwa nacheka habari za Liemba.

Kwa hiyo huduma naipa sifuri. Ngoja, kazi ya kufunga injini yenyewe siwezi kuisema vibaya. Haitingishiki, haivuji, taa ya injini haijawaka hata siku moja. Kila asubuhi naangalia maji kwa wasiwasi kwamba gasketi ya silinda hedi iliguswa na joto lile, na kila asubuhi yapo pale pale. Anajua kazi. Nadhani hilo ndilo linaloniudhi zaidi, angekuwa mbumbumbu ningeshamsamehe.

Upande wa chini ya gari sikumpa yeye. Alitaka kuniwekea spesa za kuinua gari na rimu pana za kung'aa. Vijana wa kijiweni nao wakanishauri kinyume chake, nikate springi likae chini, na barabara zetu hizi zenye matuta! Nikaenda Ujiji kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe, hana kibao wala ovaroli. Alishika tairi akalitikisa, akalala chini, akainuka akasema, "Mwanangu, wewe unaendesha gari lenye nguvu mpya na miguu ya zamani." Bushi, yaani mipira, za lowa amu, ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, zilikuwa zimekwisha kabisa, boljointi moja imelegea, bushi za ekseli ya nyuma zimepasuka, shokapu za nyuma zimekufa siku nyingi. Akabadilisha hizo, springi akaziacha kwenye kimo chake, akanitoa kwenye vitairi vyembamba vya 155/80 inchi 13 akaniweka 175/65 inchi 14. Kimo cha tairi karibu ni kile kile, kwa hiyo mita ya mwendo haidanganyi, ila linashika barabara kwa upana zaidi. Pedi mpya mbele, halafu alaimenti.

Sikutegemea. Zile kona za kuteremka kutoka Manyovu, ambapo zamani gari lilikuwa linayumba mkia kama mlevi anayetafuta ufunguo, sasa nageuza usukani na gari linafuata. Mzigo wa nyuma hausikiki ukirukaruka. Na bei ya hayo yote haikufika hata nusu ya bei ya injini. Kuna siku nafikiria ningeanza kwa mzee wa Ujiji, nikabadilisha ringi za ile 2NZ na kubaki na akiba yangu. Halafu napanda kilima kile kile na magunia mawili, naikanyaga 1NZ kidogo tu, nalipita lori kabla ya kona, na mawazo hayo yanaisha. Mafuta inakula zaidi kidogo, sitadanganya, ingawa nadhani ni mguu wangu.

Utingo yule sijamwona tena. Nina lita tano za mawese yake dukani, nimeziandika jina la "kandambili" kwa sababu la kwake sikuuliza, na hilo nalo linanikera.

Juzi fundi kanitumia ujumbe. Eti kapata mteja mwenye Vitz kama yangu, anataka kuweka 1NZ, anaomba aje aione ya kwangu kwanza, na mimi nimwambie mteja kazi ilivyokwenda. Tena kaandika "dada yangu kipenzi".

Nikamjibu: Mpe simu wifi niongee naye.

Bado hajajibu.