Mkahawa wa televisheni mbili, Malindi: kahawa safi, habari za vita na ubao wa chaki

Mkahawa ninaoueleza hapa uko Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika kichochoro kinachoteremkia bandarini, na sitoutaja jina kwa kuwa nina malalamiko mawili matatu ambayo mwenyewe nimeshamwambia ana kwa ana. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi, na hukaa ndani ya dele juu ya seredani ya makaa tangu baada ya Alasiri. Finjani moja ni shilingi 200, na kashata huwa za siku ile ile. Kwa upande wa kinywaji sina zaidi la kusema. Wateja wengi, nikiwemo mimi, wanavutwa na televisheni mbili zilizotundikwa ukuta mmoja, moja ikipokea habari za Kiarabu na nyengine za Kiingereza, pamoja na ubao wa skuli ulioegemezwa mlangoni.

Mwenye mkahawa ni mwalimu mstaafu wa historia ambaye mtaa mzima unamwita Maalim. Kila jioni baada ya Magharibi huandika kwa chaki vita vilivyotajwa siku hiyo, idadi ya waliouawa kama ilivyosemwa na kila kituo, kisha safu ya mwisho yenye neno moja tu, "Jina", ambamo huweka alama ya vema pale mtangazaji alipomtaja marehemu kwa jina lake au kumuonesha uso. Siku ya kwanza niliona ni mchezo wa mstaafu aliyekosa shughuli. Baada ya jioni sita nimeona kwamba safu ya idadi hujaa kila siku, lakini safu ya jina hujaa kwa baadhi ya vita tu, mara nyingi kwa upande mmoja tu wa vita hivyo, na upande wenyewe hubadilika ukigeuza shingo kutoka kioo kimoja kwenda chengine. Mstari wa Sudan, ambako watu wanauana tangu tarehe 15 Aprili 2023 na ambako si mbali nasi, ulikuwa mtupu kabisa jioni nne kati ya hizo sita.

Hapa ndipo mkahawa huu unapoishinda televisheni ya nyumbani, kwani ubao humfanya mtu aulize ni maiti wa nani wanaohesabiwa. Tumezoea kuamini kuwa raia wa nchi inayopigana huvikataa vita kadiri majeneza yanavyoongezeka, na imani hiyo ina msingi. Mtaalamu wa siasa wa Marekani John Mueller, aliyelinganisha kura za maoni za Wamarekani wakati wa vita vya Korea na vya Vietnam, alionesha mnamo mwaka 1973 kwamba kila idadi ya askari wao waliouawa na kujeruhiwa ilipoongezeka mara 10, walioviunga mkono vita walipungua kwa takriban pointi 15 za asilimia, yaani maafa ya mwanzo hutikisa sana na ya baadaye, hata yakiwa maelfu, huzoeleka. Agosti 1965 Wamarekani asilimia 24 walisema kupeleka majeshi Vietnam lilikuwa kosa. Agosti 1968 wakawa asilimia 53. Nilipomsimulia Maalim habari hizi aliendelea kupanga finjani kwenye sinia, kisha akaniuliza: "Na hesabu hiyo, mwanangu, ni ya maiti wa nani?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu katika hesabu ile hamna Mvietnam hata mmoja.

Mfano wa Maalim mwenyewe hauhitaji safari, maana ulitokea hatua chache kutoka pale tulipokaa. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga jumba la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar, kwa muda usiofika saa nzima. Upande wa Khalid waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Maalim huuliza, ni mama gani wa London angeingia barabarani kwa ajili ya baharia mmoja aliyepona? Nami naona yuko sahihi kwamba vita vya namna hii, ambavyo gharama yake yote hubebwa na watu ambao sauti yao haisikiki katika nchi inayoshambulia, ndivyo vigumu zaidi kupata wapinzani.

Sikubaliani naye kwa kila kitu. Maalim huipa kamera nguvu nyingi mno. Hupenda kutaja gazeti la Life la tarehe 27 Juni 1969, lililochapisha nyuso za wengi kati ya Wamarekani 242 waliouawa Vietnam katika wiki moja, na jinsi serikali ya Marekani ilivyopiga marufuku tangu 1991 hadi 2009 kupigwa picha majeneza ya askari yanapowasili kambi ya Dover. Ni kweli kwamba mtu hazuii picha asiyoiogopa. Lakini gazeti lile lilitoka wakati wengi walikwishasema vita ni kosa, na mtafiti Daniel Hallin, aliyezichambua taarifa za televisheni za miaka ile, aligundua kuwa waandishi walianza kuhoji kwa nguvu baada ya wanasiasa wenyewe kugawanyika. Mogadishu ni vivyo hivyo. Wamarekani 18 na Wasomali mamia waliuawa Oktoba 1993, dunia ikaoneshwa maiti wa askari akiburutwa, na siku chache baadaye Rais Clinton akatangaza kuwa majeshi yake yataondoka ifikapo tarehe 31 Machi 1994. Hata hivyo uungaji mkono ulikuwa umeshaporomoka kabla ya picha ile. Kamera iliukuta mlango umeshafunguliwa nusu.

Jambo ambalo ubao hauna safu yake lilisemwa na mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, ambaye hukaa pembeni na hunywa finjani mbili tu. Kijana wa kuhudumia alimuuliza, "Babu, na nyinyi watu hawakuchoka, mbona walikufa wengi?" Akajibu kwamba wao walikuwa na redio tu, na redio iliwaambia jeshi limefika wapi. Kisha akayakariri maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nchi ilikuwa imevamiwa, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Bila ya kujua, mzee aliyagusa yale wanayoyashikilia watafiti Christopher Gelpi, Peter Feaver na Jason Reifler, kwamba watu huvumilia maafa iwapo wanaamini vita ni vya haki na hasa kwamba upande wao utashinda, na huanza kuhesabu maiti pale wanapouona ushindi haupo. Nilimuomba Maalim aongeze safu ya "Wanasema watashinda lini?" Akacheka, akasema ubao umejaa.

Sasa malalamiko. Televisheni zote mbili hupigwa kwa sauti moja kubwa, hivyo aliyekaa katikati hasikii Kiarabu wala Kiingereza, akabaki kusoma maandishi yanayopita chini ya kioo. Jumamosi ubao hufutwa ili yaandikwe matokeo ya mpira, na hesabu ya wiki nzima huondoka na vumbi la chaki bila ya kunakiliwa popote; kwa mtu aliyesomesha historia, hilo ni kosa nisiloweza kulisamehe. Picha za watoto waliouawa Gaza huachwa kiooni hata watoto wa mtaani wanapoingia kununua kashata, na nilimuona mmoja akisimama na shilingi zake mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Maalim anasema kuficha ndiko kunakorefusha vita. Mimi nasema rimoti iko mfukoni mwake.

Anayetaka kwenda aende siku ya kazi, baina ya Magharibi na Isha, akae benchi la kushoto karibu na kioo cha Kiarabu, na kama anataka habari za Sudan amuombe Maalim mapema atafute kituo chengine, kwa sababu hizo hazitokuja zenyewe.