Nilinyanyuliwa Mezani Mkono Ukiwa Kwenye Mlenda

Kwa wale wanaoniuliza kama ule mgahawa wa mtaani kwetu, upande wa Chang'ombe hapa Dodoma, unafaa kwenda au haufai, jibu langu la kwanza ni kwamba msiende. Jibu hilo nililitoa nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haijaisha, kwa hiyo kila mtu alipokee akijua lilikotoka. Bei sitazitaja, kwa kuwa zimeandikwa kwa chaki ubaoni pale mlangoni na mwenye macho atazisoma.

Majuma kadhaa yaliyopita, Bunge la bajeti likiwa limepamba moto, nilimpeleka hapo kwa chakula cha mchana shangazi yangu, ambaye alikuwa ametoka Mpwapwa kuja kliniki ya macho. Shangazi hataki wali wala chipsi. Anataka ugali wa uwele na mlenda, na akivikosa hushinda na chai mpaka jioni. Mgahawa ule ni miongoni mwa michache ya jirani ambayo bado inapika mlenda mkavu uliotwangwa na kuungwa kwa karanga, si ile bamia ya kupondaponda ambayo wapishi wengine huwauzia wageni kwa jina la mlenda. Tulikaa meza ya dirishani, chini ya panga boi pekee linalozunguka, na chakula kikaja upesi kuliko nilivyotarajia. Mpaka hapo nilikuwa na sifa tupu.

Asiyewahi kula mlenda hana budi kuelezwa jambo moja, maana bila hilo hataielewa hasira yangu. Mlenda hauliwi kwa uma wala kwa haraka. Unakata tonge, unalibonyeza kwa kidole gumba, unachovya, kisha unazungusha mkono ili kuukata ule uzi unaokufuata kutoka bakulini, na ukiwa katikati ya kazi hiyo vidole vyako vitano si vyako tena: hushiki simu, hushiki kiti, hushiki hata glasi ya maji. Hapo ndipo mhudumu, binti ambaye muda mfupi kabla alikuwa ametuamkia kwa adabu zote, alipokuja kusimama kando yetu na kusema, "Baba, samahani, naomba msogee ile meza ya kule nyuma. Kuna waheshimiwa wanakuja."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwuliza, "Tusogee vipi, binti yangu, na mikono hii?" Hakujibu. Aliliinua bakuli la shangazi, na uzi wa mlenda ukamfuata juu ya meza, ukanyooka, ukanyooka tena, kisha ukakatika na kuangukia kitenge ambacho shangazi alikuwa amekipiga pasi kwa ajili ya safari. Lilibaki doa refu kama kalamu. Kwa kulifuta tuliletewa kipande kimoja cha karatasi ya chooni.

Meza ya nyuma yenyewe iko kati ya mlango wa jikoni na ndoo ya kunawia, kiasi kwamba kila anayekung'uta mikono anakuogesha. Mwenye mgahawa alikuwa kaunta akihesabu fedha. Alinyanyua macho, akatutazama, akaendelea kuhesabu. Huyo ndiye ninayemlaumu kuliko binti. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna aliyegombania meza na sisi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016 tumezoea kusogezwa pembeni mwa barabara msafara unapopita, na tunasogea bila kinyongo kwa sababu msafara hupita ukaisha. Kusogezwa mbele ya bakuli ni jambo jingine.

Na waheshimiwa wenyewe? Waliingia vijana wanne wenye vitambulisho shingoni, wakaagiza chipsi mayai. Mmoja wao alipogundua kilichotokea aliinuka, akatuamkia, na kutuomba turudi mahali petu, akisema kwamba wao hawakuwa wameomba meza yoyote. Ningerudi, lakini shangazi alikuwa amekwisha kuendelea kula.

Hapa ndipo uamuzi wangu unapoharibika. Mpishi, mama wa makamo mwenye unga mpaka viwikoni, alichungulia kutoka jikoni, shangazi akamsalimu "Mbukwenyi", na kuanzia hapo mimi sikuwamo tena katika mazungumzo. Walizungumza Kigogo kama watu waliochota maji kisima kimoja, na shangazi akaongezewa mlenda bila kudaiwa chochote. Tulipotoka nikatangaza kwamba mguu wangu hautakanyaga pale tena. Akaniambia, "Wewe gombana na mwenye kaunta. Aliyepika yuko jikoni, na hajakukosea."

Kwa hiyo sijui niwaambieni nini. Nendeni, basi, lakini baada ya mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likishaahirishwa. Au nendeni kabla ya saa sita, mkae nyuma kwa hiari yenu ili asiwepo wa kuwahamisha. Hapana, hilo nalifuta, kwa sababu anayelipa sawa na wengine hapaswi kujificha karibu na ndoo ya kunawia. Msiende. Ila mkitaka mlenda wa kweli katika mtaa huu, mimi sijaona kwingine.

Mwenyewe nimerudi mara mbili, na mara zote mbili sikukaa. Nilipeleka hotpoti yangu, nikasimama nje ya mlango kusubiri ijazwe, na binti yule akaniita, "Karibu ndani, baba, meza zipo." Nikamjibu kwamba hapo niliposimama panatosha.