Miezi mitatu na chingamu ya bila sukari: yenye nimeona

Mimi ni motari, nabeba wateja na pikipiki hapa Goma, tangu asubuhi niko barabarani, Birere, Katindo, Ndosho, vumbi ya mawe ya volkano yote inaingia kinywani na huku unashinda unaita wateja. Kufika saa kumi ya jioni kinywa ilikuwa kavu kama bugari ya jana, ulimi inashikana na meno, na harufu... bon. Siku moja mama fulani alishuka, akanilipa pungufu faranga 500, akaniambia polepole "papa, si ununue hata chingamu". Haya ilinishika!

Ya kwanza nilinunua tu kwenye ligablo, kaduka kadogo ya mtaani, ile ya rangi rangi, utamu inaisha haraka unaweka ingine, kwa siku natafuna hata sita nikijua nasafisha meno. Mdogo wangu anasoma uuguzi, alinicheka sana. Ati vijidudu vya kinywani vinakula ile sukari, vinatoa asidi, na asidi njo inatoboa jino, kwa hiyo mchana wote nilikuwa nawalisha. Akanituma farmasi nitafute yenye iko na zailitoli, mara ingine kwenye boksi wanaandika tu E967. Ile ni tamu lakini vijidudu haviwezi kuigeuza asidi. Soma nyuma ya kopo kwanza, chenye iko kingi wanakiandika wa kwanza, mimi niliisha kununua moja yenye mbele wameandika zailitoli kubwaaa, nyuma iko ya tano.

Kopo yangu ilikuwa dola 4, vipande 40. Natafuna kimoja nikimaliza kula, dakika 20 hivi, natupa. Kinywa kukauka iliisha kabisa, siku ya kwanza tu. Ukitafuna mate inaweza kuja mara kumi kuliko ukiwa umekaa tu, na hiyo mate inapunguza asidi, tena iko na kalsiamu na fosfati za kurudishia gamba ya jino nguvu. Harufu nayo ilipungua, si mia kwa mia. Ila usizidishe, mimi wiki ya kwanza nilitafuna kumi kwa siku moja na tumbo ikaanza kunguruma, pale Signers niliachia mteja pikipiki nikakimbia kutafuta choo, usiniulize zaidi.

Sasa kwenye ilinivunja roho ni fizi. Asubuhi nikipiga brosi natema damu, na baada ya wiki sita za kutafuna damu ilikuwa ileile. Nikaenda kwa dantisti. Akaangalia, akauliza "ndugu, unatafuna upande moja tu?" Alijuaje! Jino ya kushoto ilikuwa inaniuma tangu miaka miwili, kila kitu nilikuwa natafunia kuume, na upande ya kushoto yenye haifanyi kazi njo ilikuwa imejaa ukoga mpaka ikakuwa jiwe. Na jiwe yenyewe inajengwa na ile ile kalsiamu ya mate, fikiria. Ikisha kushika, chingamu haiitoi hata utafune mwaka, brosi pia haiwezi, lazima wakwangue. Walikwangua (inauma kidogo), wakaziba jino, na kisha wiki mbili hivi damu ikakata.

Kopo imeandikwa pia ati inafanya meno meupe. Madoa yangu ya kahawia iko palepale, na dantisti alisema haitatoka na chingamu, ni ya maji ya huku kwetu karibu na volkano, iko na floridi mingi na sisi tumeinywa tangu utoto.

Wenye muko na mbwa, ficheni kopo, zailitoli inaweza kumuua.

Kinywa kukauka nampa 5 kwa 5, harufu 4, fizi zenye zinatoka damu sifuri. Niko kwenye kopo ya tatu. Na yule mama kama anapita hapa, harufu ilipungua, faranga 500 yangu bado.